Wauza oveni za mezani Dodoma mnatuibia mchana kweupe! Swichi inasoma 250, pizza chini mbichi

Wakuu, niacheni niteme nyongo.

Mimi mpenzi wa pizza nene ya trei, ile ya Sicily: mkate mnene, juu sosi ya nyanya kwa wingi, jibini la kunyunyizia tu. Nyanya natoa soko la Majengo, nazipika na kitunguu saumu mpaka maji yakauke. Unga nusu kilo, maji gramu 350, hamira kijiko kidogo, unalala kwenye friji. Naufunika kwa nailoni iliyopakwa mafuta, maana hewa ya Dodoma ilivyo kavu, ukiuacha wazi unafanya gamba. Kesho yake namimina mafuta kwenye trei bila uchoyo, nautandaza kwa vidole, nauacha uumuke mpaka ukitikisa trei nao unatikisika.

Kazi yote hiyo, halafu oveni inakuja kuniaibisha.

Pizza ya aina hii inataka moto mkali wa chini, ndipo yale mafuta yanaukaanga mkate unakuwa rangi ya kahawia na unalia kacha ukiukata. Yangu juu sosi imeungua, chini mweupe, unanata kwenye trei, ukibonyeza unaacha alama ya kidole.

Nikaamua kuipima. Sukari huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Nikaweka kijiko cha sukari kwenye foili, swichi nikaizungusha mpaka 230, nikasubiri nusu saa. Sukari chenga vilevile! Ukichungulia, koili ya juu nyekundu, ya chini haina hata dalili.

Nikairudisha dukani. Jamaa eti, "Dada, umeme wa mtaani kwenu mdogo." Nikamwambia chomeka hapa hapa kwako. Akachomeka, yale yale. Akageuza kibao: "Hizi ni za keki, pizza mambo ya wazungu." Siku ananiuzia aliapa inaoka mpaka kuku mzima! Mwisho akanionyesha mhuri kwenye risiti, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Risiti yenyewe ya mkono, ya EFD (ile ya mashine ya kodi) alidai mashine mbovu. Laki mbili na ushee hiyo wakuu.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Mhuri wa duka haufuti sheria. Video ya sukari ninayo, na Tume ya Ushindani napeleka, asidhani natania.

Kinachoniuma, mama zetu wanaoka mkate wa kumimina kwa mkaa, moto juu moto chini, unaiva pande zote.

Sasa mwenye kumjua fundi wa koili anayeaminika, Area C au Kisasa, anielekeze. Na mnaooka kwa mkaa, trei pana hivi moto wa chini mnaweka kiasi gani bila kuunguza? Wale wa "kula ugali ulale", piteni kushoto.