Mama wa kambo hakuwemo! Wachapishaji, acheni kutudanganya kuhusu hadithi za ndugu Grimm

Wakuu, nina hasira.

Nilimnunulia binti wa mume wangu kitabu cha hadithi za ndugu Grimm, yaani Jacob na Wilhelm, Wajerumani waliokusanya ngano. Mtoto ana miaka saba, ninamlea mimi. Dibaji inajigamba kwamba hadithi zimeletwa kama zilivyotoka vinywani mwa mabibi wa vijijini Ujerumani. Tukasoma ya binti mweupe kama theluji. Mtoto akanitazama: "Mama, mama wa kambo wote wako hivyo?"

Nilikosa jibu. Nikaanza kufuatilia, na ndipo nilipochemka.

Katika toleo la kwanza, la 1812, anayetaka yule binti auawe ni mama yake mzazi! Kambo alipachikwa katika toleo la 1819. Hadithi ya Hansel na Gretel vilevile: anayemshinikiza mume watoto watupwe msituni ni mama yao, mpaka ilipofika 1840 akageuzwa mama wa kambo. Mhariri mkuu wa mabadiliko hayo alikuwa Wilhelm, na wasomi wengi wanaona alitaka kulinda heshima ya mama mzazi. Na sisi tunaolea watoto tusiowazaa, heshima yetu ilindwe na nani?

Hao mabibi wa vijijini nao! Jacob na Wilhelm hawakuzunguka kijiji kwa kijiji. Wengi waliowasimulia walikuwa wasichana wa familia za mjini Kassel waliosoma, kama mabinti wa Wild, mwenye duka la dawa, na wa Hassenpflug, ambao upande wa mama walitokana na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Dorothea Viehmann, waliyemsifu kama mkulima, alikuwa mke wa fundi cherehani. Ile ya binti aliyelala miaka mia ilitoka kwa Marie Hassenpflug, na mwandishi Mfaransa Perrault alishaichapisha Ufaransa 1697. Kwa miaka mingi watu waliamini huyo Marie ni kizee mtumishi, hadi mtafiti Heinz Rölleke alipoonyesha vingine mwaka 1975.

Kutoka 1812 hadi toleo la saba la 1857 ni miaka 45 ya kukata na kuongeza. Halafu mtu anatuandikia "kama zilivyosimuliwa"?

Nimewaandikia wachapishaji mara mbili warekebishe dibaji na wataje wametafsiri toleo lipi. Kimya. Kuna yeyote humu aliyewahi kuwabana watu wa vitabu vya watoto wakasikia? Ulianzia wapi?