Tupeane uzoefu: kujitolea kwenye kikosi cha kutengeneza njia za porini

Mchirizi: Wakuu, kuna picha inazunguka ya njia ya porini iliyogeuka korongo, na vijana wa kujitolea wamo ndani wanachota tope. Kesho mvua inarudisha lote. Wengi wanakuja wakidhani kazi ni kufyeka, kumbe adui ni maji. Wazoefu, mwageni yale ambayo mgeni haambiwi siku ya kwanza.

KoleoMbili: Umegusa penyewe. Uso wa njia uinamie bondeni kwa asilimia 3 hadi 5. Njia ya upana wa mita 1, ukingo wa nje uwe chini ya wa ndani kwa sentimita 3 hadi 5, basi. Nyayo zikipita miaka, katikati panadidimia na udongo unajikusanya ukingo wa nje unakuwa tuta. Tuta hilo ndilo linayafunga maji yasitoke, yanaanza kukimbia na njia. Livunje, udongo wake mzuri urudishe katikati, shindilia. Mboji usijazie kamwe: inanyonya maji kama sponji na wiki ijayo una tope.

Mchirizi wa kutolea maji njiani ulioziba nao usichokonolewe tu. Mdomo wake wa kutokea uwe mpana kuliko pale maji yanapoingilia, angalau upana wa koleo mbili. Mdomo mwembamba unazibwa na majani ya mvua moja.

Panga Kali: Mdomo mpana! Watu wanachimba kifereji cha panya halafu wanapiga picha.

Sururu Butu: Yote hayo hayasaidii kama hakuna kinga, yaani kizuizi cha kuyageuza maji yatoke njiani. Laza gogo la kipenyo cha sentimita 20 au 25, likatize njia mshazari, nyuzi 45 hivi, theluthi mbili yake izikwe. Ncha ya juu iingie ndani ya ukingo wa mlimani, la sivyo maji yanalizunguka.

KoleoMbili: Gogo linaoza, linachomoza, watu wanalikwepa pembeni na njia inapanuka. Chimba bonde la taratibu lenye urefu wa mita 3 hadi 5 kufuata njia, mtembeaji hata hajui kalipita.

Sururu Butu: Kwenye mteremko wa asilimia 20 bonde lako utalichimba wapi, mkuu? Hilo ni la njia za kupunga upepo.

KoleoMbili: Kwenye asilimia 20 tatizo si kinga, ni aliyeipitisha njia hapo. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima wenyewe. Ikizidi, maji yanaifuata njia badala ya kuikatiza. Hamisha njia.

Sururu Butu: Hamisha wewe, na watu sita na siku mbili.

Mvuta Msumeno: Mnagombania magogo yaliyolala, ngojeni niwaambie yanayoua.

Gogo limeshikwa ncha zote mbili, katikati linaning'inia. Juu limebanwa, chini limevutika. Wageni wanaanza kukata juu, wakifika theluthi mkato unafunga na msumeno wa watu wawili unagandia humo. Mmoja anahamaki, anasukuma. Msumeno huu hausukumwi! Unavuta, unalegeza mkono, mwenzako anavuta. Ukisukuma bapa linapinda. Dawa ni kabari za plastiki mara tu mkato unapozipokea bila kugusa meno, kisha unamalizia kutoka chini. Gogo lenye ncha moja hewani ni kinyume chake: anza chini theluthi, malizia juu.

Kwenye mteremko, wa upande wa bondeni hamalizii. Mkato ukikaribia kuisha, mpini wake unafunguliwa, anaondoka, wa mlimani anamalizia peke yake.

Lakini baya kuliko yote ni mti uliong'oka na mizizi yake. Ukitenganisha shina, kile kisiki chenye mizizi na udongo kinaweza kusimama ghafla na kurudi shimoni kwake. Kama kuna mtu kapumzika mle kwenye kivuli cha shimo, ndiyo basi tena.

Mgeni wa Pori: Subiri. KINASIMAMA TENA?

Panga Kali: Kinasimama. Shimo ni marufuku, hata kwa kuweka mkoba.

Mgeni wa Pori: Na mti mchanga uliokunjwa chini ya gogo?

Mvuta Msumeno: Huo ni upinde uliovutwa. Usiukate kwa pigo moja. Simama nje ya njia yake, nyoa kidogokidogo upande wa ndani wa mkunjo mpaka ulegee.

Kibarua wa Bure: Si mlete msumeno wa injini mmalize saa moja?

Mvuta Msumeno: Marekani, kwenye mapori yaliyotengwa kwa sheria ya 1964, mashine hairuhusiwi, hata baiskeli imo kwenye katazo. Ndiyo maana ufundi huu haujafa.

Dada Mtaimbo: Mmesahau vidole. Mtaimbo ukiwa chini ya jiwe, mkono hauingii chini ya jiwe, tumia kijiwe cha kuegeshea. Jiwe likiponyoka, piga kelele "JIWE!" hata kama huoni mtu chini. Mkifanya kazi, mtu na mtu mita 3. Shoka haliendi begani: lishike mkono wa upande wa bondeni, ukiteleza ulitupe huko. Glavu vaeni.

Sururu Butu: Glavu kwenye shoka mpini unateleza.

Dada Mtaimbo: Za ngozi hazitelezi. Za pamba tupa.

Kibarua wa Bure: Ukikabidhiwa mtaimbo siku ya kwanza ujue wenzako wameukwepa.

Mgeni wa Pori: Matawi nayo yakatwe kimo gani?

Panga Kali: Mita 2.4 kwa watembea kwa miguu, 3 kama farasi wanapita. Kata karibu na shina pale penye uvimbe, usiuguse wenyewe wala kuacha kigingi. Sehemu iliyokatwa isitazame njia. Na majani yakilowa tawi linainama, kwa hiyo ongeza kidogo. Apime mtu mrefu, si yule mfupi wa kusema "mbona panapitika".