Tupeane uzoefu: vikwazo vya kimataifa vilikukutaje kwenye kazi za meli?

MzigoUpoNjiani
Wakuu habari zenu. Nina vijana wapya ofisini wanaoamini vikwazo ni mambo ya marais kwenye taarifa ya habari. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar, mwaka wa 14 huu. Naanza na yangu, nanyi mwage zenu.

Mteja aliagiza mbolea. Nauli ya meli ni dola. Kalipa benki yake hapa mjini, risiti anayo, mwenye meli anasema hajaona kitu na mzigo hashushi. Siku ya tatu, ya saba, ya kumi na mbili. Kumbe dola ikitoka Dar lazima ipitie benki ya New York, na huko kompyuta ilikuta jina la meli yetu linafanana na la meli iliyo kwenye orodha ya vikwazo ya Hazina ya Marekani. Jina tu! Majina ya meli yanajirudia kama akina Juma darasani. Kilichotuokoa ni namba ya IMO (shirika la kimataifa la bahari), zile tarakimu saba ambazo meli hukaa nazo mpaka siku ya kukatwa chuma chakavu, hata ibadilishwe jina, bendera na mwenyewe. Siku ya 19 hela ikaachiwa. Gharama za kuisubirisha meli alilipa mteja, hakuna wa kumrudishia. Siku hizi kabla sijauliza bei nauliza namba ya IMO.

Kilindini_Damu
Hahaa, sisi Mombasa lilikuwa jina la mtu. Mkurugenzi wa kampuni ya mpokea mzigo ana jina ambalo Mji wa Kale ukiliita dirishani wanageuka watu kumi. Benki ikataka pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, hadi jina la babu. Mzee akauliza, "Babu yangu naye anaingiza mchele?"

FundiWaPili
Mimi niseme la bendera. Nilifanya kazi kwenye meli kuukuu ya kubeba mifugo, bahari ya Mediterania. Bendera yetu ya Tanzania, usajili wa Zanzibar, na mwenye meli hajawahi kukanyaga Unguja. Mnakumbuka 2012? Umoja wa Ulaya unafunga mlango kwa mafuta ya Iran kuanzia Julai 1, huku meli za mafuta za Iran zikapatikana na bendera yetu. Zilisajiliwa kupitia wakala aliyeko Dubai. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete, na baada ya vuta nikuvute meli 36 zikafutiwa usajili.

Sisi na Iran wapi na wapi, tumebeba ng'ombe! Lakini bendera ikishasemwa imesemwa. Wakaguzi walikuwa wanapanda kabla ngazi haijatulia, wanafungua hadi daftari la mafuta machafu. Nahodha wetu alikuwa Msyria, akinitania: "Bendera yenu ina rangi nzuri, ila ina maneno mengi." Januari 2018, baada ya meli nyingine za bendera yetu kukamatwa ugenini na dawa za kulevya na vilipuzi, Rais Magufuli akasimamisha usajili wa meli za nje. Mimi nilikuwa nimeshashuka, namshukuru Mungu.

MswahiliDeira
Niko Dubai, ofisi ya ukodishaji wa meli za mafuta. Septemba 2019 Marekani iliweka kwenye orodha ya vikwazo kampuni mbili za mji wa Dalian zilizo chini ya COSCO, kampuni kubwa ya meli ya China, kwa tuhuma za kubeba mafuta ya Iran. Siku ile simu hazikukatika. Kila mwenye mzigo anataka kuachana na meli yenye harufu ya COSCO, hata zile ambazo hazikuguswa. Meli zikaadimika ghafla, na Oktoba nauli ya meli kubwa za mafuta ikapita dola 200,000 kwa siku. Mwisho wa Januari 2020 moja ya zile kampuni ikaondolewa kwenye orodha. Wapo waliotajirika katika miezi hiyo minne. Bosi wangu hakuwa mmoja wao, alikuwa amekodi meli siku mbili baada ya tangazo.

NangaNzito
Mimi nimekula za uso, wakubwa. Kijana wa Tanga. Nilipandia bandari ya Khor Fakkan, huko Emirati, meli ndogo ya mafuta, wakala kaniambia miezi tisa, safari fupifupi. Usiku wa nne nahodha akazima AIS, ile mitambo inayoonyesha meli ilipo. Nikauliza, nikaambiwa mbovu. Mitambo mibovu inayopona kila tukimaliza kuhamishiana mafuta na meli nyingine katikati ya bahari! Baadaye tukapewa rangi na brashi, tubadilishe jina nyuma ya meli.

Kisha meli ikatajwa kwenye orodha. Benki ya kampuni ikafunga akaunti, mwenye meli akazima simu, nasi tupo nangani. Miezi mitano bila mshahara. Maji ya kunywa kwa zamu, mchele na dengu. Tulipopiga simu kwa bima iliyoandikwa kwenye cheti ukutani, namba haipo.

Nilirudi nyumbani kwa msaada wa chama cha mabaharia. Tatizo ni kitabu changu cha ubaharia kina jina la ile meli na muhuri. Kila wakala wa ajira akifika ukurasa huo anakirudisha mezani, taratibu, bila kusema neno.

BintiWakili
Pole sana kaka. Wengi huchanganya hapa. Vikwazo vya Baraza la Usalama la UN vinazifunga nchi zote wanachama. Orodha ya Marekani au Ulaya haikufungi wewe wa Tanga moja kwa moja, lakini dola ni ya Marekani, na vile vilabu 12 vya bima, yaani vyama vya wenye meli vinavyokatiana bima, vinavyobeba karibu asilimia 90 ya tani za meli duniani haviwezi kuipuuza. Ndiyo maana meli iliyotajwa hukimbilia cheti cha bima cha mtaani kama hicho chenu. Na baharia asiyelipwa miezi miwili anahesabika ametelekezwa, kwa Mkataba wa Kazi za Baharini. Kudai si lazima usubiri mitano.

NangaNzito
Ahsante dada. Sasa ule ukurasa siwezi kuutoa?

BintiWakili
Usiuchane! Hiyo ni kughushi, utapoteza na kitabu chenyewe. Omba chama kikupe barua ya kwamba ulitelekezwa, uibane hapo hapo kwenye ukurasa huo. Nitumie inbox tuandike.

Kilindini_Damu
Na jina la babu uliweke.