Kubadilisha mandhari gizani kunachukua dakika nne. Tupunguzeje?

mwana_jukwaa:
Hamjambo wakuu. Chama chetu cha drama chuoni hapa Nairobi kinaandaa tamthilia yenye maonyesho sita, nami ndiye msimamizi wa jukwaa. Waigizaji ni 11, wa nyuma ya pazia watano. Ukumbi ni wa mihadhara, soketi ni za kawaida za ukutani. Kuondoa sebule na kuweka kibanda cha soko kunachukua dakika nne. Vifaa vidogo (barua, simu, kikapu) vinapotea mchezo ukiendelea. Na taa zote zinazima ghafla, bila mpangilio. Tunafungua Ijumaa ijayo usiku, kisha Jumamosi saa tisa alasiri. Nianzie wapi?

pazia_jeusi:
Uzito wa fanicha si kitu. Shida ni watu watano kuingia gizani, kila mmoja akijiamulia abebe nini. Kubadilisha mandhari hufanyiwa mazoezi kama onyesho lingine lolote. Andika jedwali la kila badiliko: nani, anabeba nini, anaingilia upande gani, anaweka wapi, anatoka na nini. Asiingie wala kutoka mtu mikono mitupu. Vinavyotoka vipite kulia na vinavyoingia vipite kushoto, la sivyo mtakutana mlangoni na kochi. Fanyeni polepole taa zikiwaka, kisha kwa kasi, kisha gizani, mkipima kwa saa ya simu. Lengeni sekunde 30. Mkishindwa, punguzeni vitu. Soko halihitaji meza tatu, meza moja na kikapu cha nyanya vinatosha.

Sakafuni usizungushie kochi lote tepu. Weka alama za pembe kwenye miguu miwili ya nyuma tu, kwa tepu nyeupe yenye namba ya onyesho. Nasisitiza nyeupe kwa kuwa nyuma ya pazia mtatumia taa hafifu ya buluu, na chini ya mwanga huo tepu nyekundu huonekana nyeusi.

Kwa vifaa vidogo, tandika meza karatasi ya kaki, uchore umbo la kila kifaa mahali pake na kuandika jina. Pengo utaliona kabla mwigizaji hajaingia. Mtu mmoja akague kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko. Mwigizaji achukue chake mwenyewe na akirudishe mwenyewe. Barua isiende hosteli mfukoni mwa mtu!

Hiyo Jumamosi iangalie sana. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, kwa hivyo saa tisa hamtakuwa na giza hata kidogo. Zibeni madirisha kwa nailoni nyeusi ya wajenzi, ile inayotandazwa chini ya zege. Mkikosa, badilisheni mandhari waziwazi, muziki ukicheza na wabebaji wakiwa wamevaa kama watu wa soko. Hilo hupendeza kuliko giza la nusunusu.

fundi_taa:
Kuhusu taa, piga hesabu. Umeme wetu ni volti 240, kwa hivyo taa ya wati 1,000 huvuta takriban ampea 4.2. Soketi ni ya ampea 13. Taa mbili ni salama, tatu zinafika 12.5 na plagi inaanza kuchemka. Lakini fyuzi ya plagi ikikatika huzima ekstensheni hiyo moja tu. Zikizima zote, ni breka imeanguka, maana soketi kadhaa hulishwa na breka moja. Omba ruhusa ya fundi wa chuo, chomeka taa ndogo kwenye soketi moja baada ya nyingine, shusheni breka mojamoja, uandike kila breka inalisha soketi zipi. Kisha gawanya taa.

Halafu uliza watu wa maleba wanachomeka pasi wapi. Pasi ya wati 2,000 hula zaidi ya ampea 8, na hujiwasha na kujizima yenyewe kadiri inavyopoa. Huenda hapo ndipo hiyo "bila mpangilio" inapotoka.

Ekstensheni ya gurudumu ikunjuliwe yote, kwani ikibaki imezungushwa hupata joto hadi ganda la waya kuyeyuka. Spika zisitumie laini moja na dima za taa (vifaa vya kupunguza na kuongeza mwanga), zitavuma. Amplifaya iwashwe mwisho na kuzimwa kwanza.

mwana_jukwaa:
Asanteni sana. Pasi iko ukuta uleule wa taa, nitaihamisha leo. Ishara tunatumiana kwa WhatsApp, inatosha?

pazia_jeusi:
Haitoshi. Ujumbe huchelewa, na kioo cha simu humulika uso wa mtu gizani. Kodisheni redio za mkononi zenye kisikizi cha sikio moja. Sauti ya kutoa ishara iwe yako tu. "Taa 14, jiandae" (yaani badiliko la 14 la taa) itoke kama nusu ukurasa mapema, na mtu wa taa ajibu "tayari". Kisha: "Taa 14, sasa." Neno "sasa" lisitamkwe hewani kwa jambo lingine lolote. Ishara ziandikwe kwa penseli, kwenye nakala iliyochapwa upande mmoja wa karatasi, maana zitahama mpaka siku ya mwisho. Wito wa nusu saa, wa kuwaambia waigizaji imebaki nusu saa waitwe jukwaani, hutolewa dakika 35 kabla ya pazia kufunguliwa, kwa sababu huitwa jukwaani dakika zikibaki tano.

sindano_na_uzi:
Naongeza maleba, kwani badiliko la sekunde 30 halisaidii kama mwigizaji bado anahangaika na vifungo. Shona velkro, vifungo vibaki juu kama pambo. Kamba za viatu badilisha ziwe lastiki. Viatu vya mitumba vya soko la Gikomba vichague vyenye soli ya raba, soli ngumu husikika mpaka safu ya mwisho. Nguo zipangwe kitini kwa mfuatano wa kuvaliwa, wavishaji wawe wawili, mmoja juu na mwingine miguuni, mwigizaji asimame tu. Mashati ya Ijumaa yafueni usiku uleule, mkingoja asubuhi yatakuwa bado mabichi saa tisa.