Dada kaandikiwa rufaa kwa bingwa wa damu, naombeni ushauri

Binti_Sakina: Wakuu, habari za jioni. Dada yangu (38), tuko naye hapa Arusha, damu yake haitulii toka mwaka jana. Akipanda ngazi anahema, na siku hizi anatafuna ule udongo wa sokoni kama karanga. Akinywa vidonge vya madini ya chuma, Hb (kipimo cha wingi wa damu) inafika 10, akiacha inarudi 7 na kitu. Rozela kanywa, kisusio (ile supu ya damu) kanywa. Sasa kaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kwa bingwa wa magonjwa ya damu. Mama kashaamua ni kansa, analia tu. Shemeji anasema aongezewe damu yaishe. Huyo bingwa anafanya nini hasa?

Mangi_Kibosho: Mtulize mama. Hao wanatibu kansa za damu, kweli, lakini wanaona pia selimundu, damu isiyoganda, na watu wa Hb isiyokaa kama dada.

Mzee_wa_Hadubini: Niko maabara, Moshi. Bingwa haanzi na Hb, anaanza na ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo na zimepauka, mshukiwa wa kwanza ni upungufu wa chuma, ila talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo huonekana hivyo. Zikiwa kubwa atawaza upungufu wa vitamini B12 au foliki asidi, ini au pombe. Kisha atataka ferritini, yaani akiba ya chuma. Chini ya 15 akiba imekwisha, ila maambukizi huipandisha, kwa hiyo ikisomeka nzuri msishangilie mapema. Hata mwinuko wa Arusha anauhesabu, maana watu wa juu Hb yao huwa juu kidogo. Bebeni majibu yote ya zamani, yale marefu ya mashine, siyo kikaratasi cha Hb peke yake. Na udongo mtajeni, hamu hiyo mara nyingi huja chuma kikipungua.

Mama_Junior: Binti, hedhi yake ikoje? Mimi nilimeza vidonge mpaka nikavichukia, kumbe nina uvimbe kwenye kizazi. Bingwa aliniuliza pedi ngapi kwa siku, akanituma kwa daktari wa wanawake.

Mzee_wa_Hadubini: Hapo ndipo penyewe. Damu hupotelea pia kwa vidonda vya tumbo, minyoo ya safura, dawa za maumivu za kila siku. Shemeji naye aelewe: chupa moja inapandisha Hb kama 1 tu, na kama damu inapotea mahali, hiyo nayo itapotea. Huongezwa Hb ikiwa chini ya 7 au moyo ukilemewa.

Binti_Sakina: Nimemuuliza sasa hivi. Hedhi inapita wiki, na mabonge. Hakumwambia daktari kwa sababu ni kijana mdogo, aliona haya 😔

Mama_Junior: Aandike kwenye karatasi, ampe akiingia. Ndivyo nilivyofanya.

Mangi_Kibosho: Vidonge anamezea nini?

Binti_Sakina: Chai ya maziwa, asubuhi.

Mangi_Kibosho: Aisee! Chai inazuia chuma kisiingie. Amezee maji au juisi ya chungwa, chai baadaye sana. Na Hb ikikaa sawa anaendelea kama miezi 3 kujaza akiba. Tumbo likikataa, kuna chuma cha dripu.

Mzee_wa_Hadubini: Choo cheusi kwa vidonge ni kawaida. Kikinata kama lami na kunuka vibaya, au akizimia, au kifua kikibana, msisubiri tarehe ya rufaa. Mpelekeni hospitali ya Mount Meru usiku huohuo.