Hivi vimajani vyekundu vinavyoelea ziwani, rekodi zake nazipataje?

mtoto_wa_mwalo: Wakuu habari za jioni. Nipo Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, juzi upepo umesukuma magugu maji mpaka ukingoni, katikati yake nikaona vimajani vidogo vyekundu vimetanda kama zulia, nikazoa kidogo kwenye ndoo. Nafanya ripoti ya chuo ikabidi niingie GBIF, ile hazina ya mtandaoni ya rekodi za viumbe, kutafuta karatasi za hebaria (mimea iliyokaushwa ikabandikwa kwenye karatasi), naandika Mwanza naletewa mpaka za Malawi 😂 halafu kuna karatasi moja ya Salvinia, mmea mwingine unaoelea, ina majina mawili, auriculata na molesta. Nifuate lipi?

Dada_Mimea: Malawi nako kuna wilaya inaitwa Mwanza mdogo wangu, tafuta kwa kuchora eneo kwenye ramani usitafute kwa jina. Hayo majina mawili si uzembe, ile Salvinia iliyofunika ziwa Kariba miaka ya 60 watu waliiita auriculata mpaka mtaalamu wa mimea Mitchell alipoitenga 1972 akaiita molesta, kwa hiyo lebo ya zamani inabaki na jina lake na atakayeikagua baadaye anabandika kikaratasi chake pembeni. Soma kikaratasi kina mwaka gani na nani kakibandika. Ila hivyo vyako vyekundu mi nahisi ni Azolla, kimmea kingine kidogo kinachoelea, ikichomwa na jua inabadilika rangi. Chungulia chini, Azolla ina mizizi, Salvinia haina, zile nyuzi zake ni jani la tatu limegeuka tu.

Ngosha_wa_Nyegezi: Halafu mkuu ukikosa rekodi usije ukaandika "haipo". Hivi vitu wengi wanaviruka, vinanuka na kuvibana kwenye magazeti vikauke ni shughuli, mi Azolla yangu ya kwanza ilitoka uji mtupu kwenye gazeti.

Dada_Mimea: 😂😂 uliibana kama mchicha. Unaielesha kwenye sahani ya maji, unapitisha karatasi kwa chini unainua taratibu maji yachuruzike, nyingine unaweka kwenye spiriti. Ukikutana na Salvinia piga picha nywele za juu ya jani kabla hujabana, zile za molesta zimeungana nchani kama kichapio cha mayai, zikishalala huoni kitu. Na lebo andika mwalo gani, tarehe, GPS, ilikuwa na magugu gani. "Ziwa Victoria" peke yake haimsaidii mtu. Nakala moja peleka hebaria ya taifa Arusha.

mtoto_wa_mwalo: Nimechungulia kwenye ndoo, mizizi ipo! Sasa hapa naiba sahani ya bi mkubwa.