Naomba ushauri: nimeitwa tena kupiga picha ya matiti ya pande tatu

Mleta uzi: Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 47, sina uvimbe ninaoupapasa wala maumivu. Wiki iliyopita nilipiga mamografia ya kawaida, na majibu yakaeleza kwamba matiti yangu yana tishu nzito na kwamba upande wa kushoto kuna kivuli kisichoeleweka, hivyo nirudi kwa picha za pande tatu. Tangu siku hiyo silali. Je, wameshaiona saratani wakanificha? Na mionzi hiyo ya mara ya pili haitanidhuru?

Mpiga picha za mionzi: Pole sana dada yangu, lakini nakusihi usiahirishe. Tishu nzito si ugonjwa. Ni hali ya wanawake wengi mno. Shida yake ni kwamba tishu hizo hutoka nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutoka mweupe, tena mamografia ya kawaida hulilaza titi zima katika picha moja bapa, kiasi kwamba tishu zilizopandana tu zinaweza kufanana na uvimbe. Katika kipimo cha pande tatu, ambacho sisi tunakiita tomosinthesisi na ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka 2011, mrija wa eksirei huzunguka kwa upinde juu ya titi ukipiga picha kadhaa za mionzi midogo, kisha kompyuta huzijenga kuwa vipande vyembamba vya takriban milimita 1. Tukivipitia kimoja baada ya kingine, kivuli cha tishu zilizopandana hutawanyika, ilhali uvimbe wa kweli hubaki pale pale na kingo zake hujionyesha. Mionzi yake ni kidogo, na wengi wanaoitwa tena hawakutwi na saratani.

Mchangiaji wa pili: Nami niliitwa hivyo hivyo. Titi bado hubanwa, usidanganyike kwamba hubanwi, ila ni kwa sekunde chache. Vaa blauzi na sketi ili uvue juu tu, na siku hiyo usipake poda wala dawa ya kuzuia jasho kwapani, kwa sababu chembe zake zinaweza kuonekana kama chembe za chokaa ndani ya titi. Mimi nilifutwa kwa kitambaa chenye maji na kuanza upya.

Mchangiaji wa tatu: Niongeze jambo moja kwa msisitizo. Kipimo hiki nacho hakioni kila kitu, hasa kwa mwenye tishu nzito sana, kwa hiyo muulize daktari kama utahitaji pia kipimo cha mawimbi ya sauti. Na picha yoyote ile haithibitishi saratani. Kinachothibitisha ni kinyama kilichochukuliwa na kuchunguzwa maabara. Beba picha zako za zamani, maana kivuli kilichokuwepo miaka mitatu iliyopita bila kubadilika kina uzito tofauti na kilichozuka juzi.

Mleta uzi: Ahsanteni sana. Picha za mwaka juzi ninazo kwenye bahasha kabatini. Nitakwenda nazo Alhamisi asubuhi.